Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Mwalimu wetu wa sayansi kimu alikuwa na mazoea ya kukukagua usoni kabla hajakuitikia salamu. Ukisema "Shikamoo Mwalimu," ananyamaza kwanza, anatazama paji, mashavu, midomo, halafu ndipo anasema, "Marahaba. Jana ulikula nini?" Wengi tulidanganya. Tulisema nyama. Anacheka puani: "Nyama ya wapi, na midomo imepasuka hivyo? Kesho uje na majani ya maboga."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Alipangiwa kazi kwetu Nyanungu kutoka mkoa wa mbali, akakaa mpaka akastaafu. Kikurya alijifunza lakini hakikumkaa ulimini. Akikizungumza, mama zetu walishika mbavu kwa kucheka, naye anaendelea tu, kama mtu anayepita kwenye tope akijua nyumbani kuna maji ya kunawa.

Mimi alinifundisha tangu darasa la tano. Leo nina duka la vipodozi Sirari, karibu na barabara ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Kenya. Watu wakimkumbuka Mwalimu, husimulia mema yake na kunyamaza. Mimi nikisimulia mema yake lazima nisimulie na nililomtendea, kwa sababu yote yanahusu kitu kimoja: ngozi yake.

Ilikuwa ngozi ya kusimamisha watu njiani. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeusi ya kutulia, laini, isiyo na doa, na miaka ilipita juu yake bila kuikwaruza. Siku moja mgeni wa shule alimkuta uani na binti yake, nesi, aliyekuja likizo. Akauliza, "Dada zangu, mkubwa ni nani kati yenu?" Binti alinuna siku nzima. Mwalimu alitembea na swali hilo wiki mbili, akilisimulia kila mahali na kujifanya limemuudhi.

Alijipenda, siwezi kuficha. Pikipiki ikisimama karibu naye, aliinama kidogo kujitazama kwenye kioo cha pembeni. Mikono yake aliitunza kama watu wanavyotunza vyombo vya wageni. Akimaliza kulima alinawa, akaikausha kidole kwa kidole, akapaka samli kidogo aliyonunua kwa mama zetu. Kulima kwenyewe alilima alfajiri. Jua likipanda, yeye yuko ndani au chini ya kofia yake ya ukindu, pana kama ungo. Mama yangu alimtania, "Mwalimu, jua limekukosea nini?" Akajibu, "Jua nalipenda likiwa kwenye kamba ya nguo."

Darasani mafundisho yake yalikuwa machache na aliyarudia mpaka tukayachukia. Kunywa maji kabla hujaona kiu. Kula mboga kila siku, hata kama jirani atasema mmeishiwa. Kulala mapema. Tumbaku aliichukia kuliko alivyouchukia utoro. Nyuma ya darasa tulikuwa na matuta ya mgagani na mchicha, na kila Ijumaa tulipika: ugali wa ulezi, na mgagani uliochemshwa ukalazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukatoka. "Uso hauna siri na chungu," alisema, akipitisha mwiko mbele ya nyuso zetu. "Mnachoficha chunguni, uso utakitangaza."

Basi wasichana wote wa Nyanungu tulikula mgagani kwa imani. Tulitaka kuwa kama yeye.

Lakini alikuwa mtu, na mtu ana mapindo yake. Huyo aliyetukataza sukari, chai yake ilikuwa na vijiko vinne, na alikoroga huku ametupa kisogo. Huyo aliyekimbia jua, akikasirika alitusimamisha juani mstarini kipindi kizima. Nilimuuliza mara moja, "Mwalimu, si ulisema jua linazeesha?" Akaniongezea nusu saa. Aliwaonea huruma watoto wasiokula, akawagawia uji wake mwenyewe, kisha akawakaripia kwa kunywa haraka.

Nilipokuwa darasa la saba uso wangu ulijaa chunusi. Wenzangu waliniita Hindi la Kuchoma. Nilijifungia nyumbani siku tatu. Siku ya nne Mwalimu alikuja mwenyewe, akaketi kitandani kwangu, akanishika kidevu.

"Umezikamua?"

"Ndiyo."

"Acha. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, mara mbili kwa siku, basi. Mikono yako usiipeleke usoni."

"Nikila mboga sana zitaisha, Mwalimu?"

Angeweza kuniambia ndiyo, ningemwamini. Akasema, "Mboga utakula kwa sababu nyingine. Hizi ni za umri, si dhambi. Zitaisha zikichoka. Kesho nataka nikuone mbele."

Nilikaa mbele. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa jinsi ya kumwambia ukweli mtu anayelia kwa sababu ya uso wake. Nilifundishwa, tena kitandani kwangu.

Duka nilianza na sabuni za mche, mafuta ya mgando na vitana. Baadaye krimu zikaanza kuvuka kutoka upande wa pili, makopo yenye picha za wanawake wanaong'aa. Nyingine hazikuwa na maandishi ya kueleweka. Muuzaji wa jumla aliniambia, "Hiyo inatoa weusi kwa wiki mbili. Usiulize imewekwa nini." Sikuuliza.

Mwalimu alipostaafu na kuagwa shuleni nilikwenda, tukapiga picha pamoja. Niliisafisha kubwa, nikaibandika dukani ukutani, juu ya kaunta. Nataka niaminike hapa: niliibandika kwa mapenzi. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, anacheka, na uso wake ulikuwa vile ulivyokuwa.

Siku moja akaingia mteja kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka. Akaitazama picha.

"Sister, huyu ni mamako?"

"Ni mwalimu wangu. Amestaafu juzi."

"Amestaafu? Wacha! Na hiyo ngozi? Anatumia nini huyu?"

Kopo lilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa napanga rafu. Nikasema, "Hii."

Neno moja. Alinunua makopo mawili. Wiki iliyofuata alileta rafiki zake. Tangu hapo sikusubiri kuulizwa. Mtu akiingia, nilinyoosha kidole ukutani. Wanawake waliomjua Mwalimu kwa macho ndio walioniamini zaidi. Walikuwa wamejiuliza miaka mingi, na sasa jibu limepatikana, tena linauzwa.

Mmoja wao alikuwa Mama Bhoke, jirani yetu wa Nyanungu, mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Watoto wake walisoma kwa Mwalimu. Mumewe alikuwa ameanza kusema maneno ya ovyo kuhusu weupe wa wanawake wa mjini. Alikuja Sirari kwa miguu na magari mawili, akaniuliza kwa aibu kama yale mafuta ya Mwalimu bado yapo. Nikampa.

Alikuwa mtu wa kupalilia kuanzia asubuhi mpaka mchana, kichwa wazi. Mwezi wa kwanza aling'aa, watu wakamsifu kanisani. Mwezi wa tatu mashavu yakawaka, ngozi ikachubuka, kisha yakabaki mabaka meusi kuliko weusi wake wa mwanzo, yamezunguka macho na kushuka kidevuni. Akaanza kujifunika kanga mpaka puani. Akaacha kwaya.

Hatimaye alikwenda kwa Mwalimu. Nilisimuliwa baadaye na watu waliokuwepo. Alisimama mlangoni, akafunua uso, akasema, "Mwalimu, mafuta yako yamenikataa."

Mwalimu akauliza, "Mafuta yangu yapi?"

Kesho yake alikuja Sirari. Ilikuwa saa tano asubuhi, duka lina wateja wanne. Niliiona kofia ya ukindu kabla sijamwona mwenyewe.

"Shikamoo Mwalimu."

Alinitazama usoni, kama zamani, paji, mashavu, midomo. "Marahaba. Nimesikia kuna mafuta ninayotumia. Jina lake silijui. Nisaidie."

Wateja waligeuka. Mmoja aliitazama picha, akamtazama yeye, akatabasamu kwa furaha ya kumtambua. Mimi nilionyesha rafu.

"Nipe moja," akasema.

"Mwalimu..."

"Umewaambia watu natumia. Sipendi mwanafunzi wangu awe mwongo. Nipe nitumie."

Hakupandisha sauti. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Usipake, Mwalimu." Wateja walikuwa wananitazama. Nikachukua kopo, nikalifuta vumbi kwa kitambaa, nikalitia kwenye mfuko, nikampa kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Akalipa bei kamili. Nilipokea.

Alipotoka, yule mteja aliyetabasamu akasema, "Na mimi nipe kama ya Mwalimu." Nikampa.

Nilidhani alikwenda kulitupa chooni. Hakulitupa. Alikuwa mwalimu wa vitendo. Hata kuchemsha maji alitufundisha kwa kutushikisha sufuria wenyewe. Alipaka ile krimu kwenye mkono wa kushoto peke yake, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, kila siku asubuhi, kisha akaenda nao bustanini bila kuufunika. Mkono wa kulia aliuacha na samli yake. Binti yake alipopata habari alimpigia simu akilia: "Mama, wewe unajua hizo dawa zinafanya nini." Akamjibu, "Mimi najua. Wao hawajui, na maneno yangu hawayasikii tena kwa sababu uso wangu umeshasema kitu kingine."

Mkono ulifuata njia ileile ya uso wa Mama Bhoke. Kwanza ulipendeza. Wanawake waliushika, wakausifu, naye akasema, "Ngojeni." Kisha ukawa mwekundu, ukachubuka, ukafanya mabaka. Ngozi ikawa nyembamba. Akigonga fundo la kidole kwenye jembe, kidonda kinakaa wiki nyingi. Hapo ndipo alipoanza kuzunguka. Siku za kliniki alikwenda zahanati, akakaa kwenye benchi na akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzito, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Huu nilizaliwa nao," anasema. "Huu niliununua."

"Uliununua wapi, Mwalimu?"

"Dukani. Maduka ni mengi."

Hakunitaja. Si zahanati, si kanisani, si kwa mama yangu, ambaye alikuwa rafiki yake. Nilikuwa nasikia habari hizi Sirari, na kila nilipozisikia nilisubiri sehemu yenye jina langu. Haikuja. Ningetajwa ningekasirika, ningejitetea, ningepata pa kusimama. Alininyima hata hilo.

Niliacha lini kuuza? Ningependa kusema siku ileile. Niliitoa picha ukutani, ndiyo, lakini krimu niliihamishia chini ya kaunta, nikaendelea kumpa aliyeuliza. Niliacha siku ukaguzi wa maduka ulipoanza kukaza. Niliacha kwa woga. Miaka ikapita, watu wakasahau nilichokuwa nauza, na nikawa natoa sadaka nzuri kanisani.

Mume wa Mwalimu alianza kuugua katika miaka hiyo. Alimuuguza mwenyewe, kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji, mpaka alipofariki. Baadaye binti yake, ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa Nyambureti, upande wa Serengeti, akamchukua akaishi naye. Kwenye msiba wa mumewe sikwenda. Nilituma mchango kwa simu.

Nilikwenda Nyambureti msimu wa mavuno uliopita. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimeota upele kidogo shingoni, nikasimama kioo mkononi, nikajikuta najiuliza jana nilikula nini, kwa sauti yake. Kesho yake nilifunga duka, nikapanda gari la Tarime, nikaunganisha mpaka Mugumu, halafu bodaboda.

Alikuwa ameketi barazani anachambua mnavu. Nilisimama. Sikumtambua mara moja. Ule uso ulikuwa umeanguka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yamezungukwa na mikunjo mingi, midogo midogo. Alikuwa bibi.

"Shikamoo Mwalimu."

Akanikagua. Ilichukua muda mrefu, macho yake si yale tena. "Marahaba. Shingo yako ina nini?"

Nikaanza kulia palepale, na yeye akaniachia nilie. Binti yake alileta maji, akanitazama kwa jicho la mtu anayenijua, akarudi ndani.

"Unanitazama nilivyozeeka," Mwalimu akasema.

"Hapana, Mwalimu."

"Unanitazama. Tazama tu. Nimekula mboga zilezile, nimekunywa maji yaleyale. Mwaka mmoja wa kutolala, nikimuuguza mume wangu, ukafuta yote." Akaendelea kuchambua. Mkono wa kushoto ulikuwa na mabaka mpaka leo, na kovu jeupe kwenye fundo. "Nikwambie kitu ambacho sikuwaambia darasani. Mama yangu alikuwa na ngozi hii. Bibi yangu pia. Mama alikunywa pombe ya mtama na hakupenda mboga hata kidogo, na alikufa na uso kama wa msichana. Nilijua. Lakini nyinyi mlikuwa na macho ya manjano na midomo imepasuka, na nilitaka mle mgagani. Nikawaacha muamini ni mgagani ndio ulionipa uso."

"Mgagani ulitusaidia, Mwalimu."

"Uliwasaidia. Damu iliongezeka, midomo ikapona. Chakula kina kazi yake, na jua, na tumbaku, na usingizi, vyote vina kazi yake. Ila uso wangu niliukuta. Nilifanya biashara na uso huu kabla yako." Akanitazama. "Tofauti ni kwamba mgagani haukumchoma mtu."

Nikamwambia kuna jambo jingine. Sikuwa nimewahi kulitamka kwa yeyote. Mama Bhoke, uso ulipoanza kuchubuka, hakwenda kwa Mwalimu kwanza. Alirudi kwangu. Aliingia dukani, akafunua kanga, akaniuliza kama aache. Ngozi ilikuwa inatoka kama ganda la kitunguu. Nikamwambia, "Hiyo ni ngozi ya zamani inaondoka. Vumilia. Hata Mwalimu ilimfanya hivyo." Akavumilia mwezi mwingine mzima. Na kopo la pili alilinunua siku hiyohiyo.

Mwalimu aliacha mnavu. Aliweka mikono mapajani.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Najua."

"Mimi nilidhani ulisema mara moja, kwa tamaa, halafu ukashindwa kurudi nyuma. Hilo nilishaliweka mahali pake." Kuku walipanda barazani wakaanza kudonoa majani, na hakuwafukuza. "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Anaishi?"

"Anaishi. Yuko palepale Nyanungu."

"Na wewe umepanda magari mawili na bodaboda kuja kwangu."

Nikamwomba twende wote. Nilisema nitakodi gari zuri, binti yake aje pia, tutalala kwa mama yangu. Nilisema Mama Bhoke anamheshimu, akimwona Mwalimu atanisikiliza.

"Sitakwenda," akasema. "Nikienda na wewe, atanitazama mimi. Atanikaribisha mimi, atanipa mimi kiti, na wewe utasema maneno yako ukiwa umejificha tena nyuma ya uso wangu. Hapana. Huo umeutumia vya kutosha."

Halafu akaniita nile. Nilikula mnavu na ugali wa mhogo mbele yake, na alinihimiza niongeze, kama mtoto.

Nilikwenda Nyanungu siku ya tatu, peke yangu. Mama Bhoke alikuwa uani anapukuchua mahindi. Mabaka yamefifia lakini yapo, hajifuniki tena. Aliniletea kigoda. Nilisema yote, la kwanza na la pili, bila kumtaja Mwalimu ila pale nilipomsingizia. Wakati wote huo mikono yake haikuacha kupukuchua.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Mimi sijaanza."

Akavuta gunia jingine la mahindi karibu, akalifungua, na akaanza kuniambia.